Kutoka majibu maelfu hadi kanuni chache: namna ya kusoma takwimu za solva katika mchezo wa poka

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi na walimu wa hisabati na kompyuta jijini Mbeya. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, ndugu wanafunzi mliotoka Iyunga, Uyole na Mwanjelwa, na ninyi mliopanda basi alfajiri kutoka Iringa, Makambako na Tukuyu: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu habari za mchana.

Nimeombwa nizungumze juu ya karata, na najua kuna mzazi atakayesikia habari hiyo na kukunja uso. Kwa hiyo naomba nianze kwa kusema wazi kwamba sikuja kumwalika mtu yeyote acheze kamari. Michezo ya fedha katika nchi yetu inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, hairuhusiwi kwa mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na ada ya chuo haipaswi kukaribia meza hiyo hata kidogo. Katika kikundi chetu cha mafunzo tunacheza kwa punje za maharage. Nilichokuja nacho leo ni swali la hisabati ambalo poka inaliuliza vizuri kuliko mchezo mwingine wowote ninaoufahamu, nalo ni hili: ukiwa na mashine inayoweza kukupa jibu sahihi la kila hali moja moja, lakini hali zenyewe ni nyingi kuliko unavyoweza kukumbuka, utafanya nini ili upate kanuni ambazo kichwa cha mwanadamu kinaweza kuzibeba?

Kwa wasioujua mchezo, nitaeleza kwa kifupi. Katika poka ya aina ya Texas Hold'em kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha hufunguliwa karata tatu za wote mezani, ambazo huitwa flopu, halafu ya nne, halafu ya tano. Kila hatua wachezaji wanaweza kupisha, kuweka dau, kulipia dau la mwenzao, kulipandisha, au kutupa karata zao. Fedha zilizokusanyika katikati ya meza nitaziita fungu. Karata mbili za siri za mchezaji huitwa mkono wake. Na mkusanyiko wa mikono yote ambayo mchezaji anaweza kuwa nayo kwa jinsi alivyocheza mpaka hapo, nitauita safu yake. Shikeni sana hilo neno safu, kwa sababu mchezaji mzuri hafikirii mkono mmoja wa mpinzani. Anafikiria safu nzima.

Solva ni programu inayotafuta msawazo wa Nash, yaani hali ambayo hakuna mchezaji anayeweza kuongeza faida yake kwa kubadili uchezaji peke yake. John von Neumann alithibitisha mwaka 1928 kwamba michezo ya watu wawili ambamo faida ya mmoja ni hasara ya mwingine ina suluhisho la namna hiyo, na John Nash akaipanua hoja mwaka 1950. Lakini kujua kwamba suluhisho lipo hakukusaidii kulipata. Njia iliyofungua mlango ilichapishwa mwaka 2007 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada: programu hucheza dhidi ya nafsi yake mara nyingi mno, na kila mzunguko huhesabu majuto, yaani ingepata kiasi gani zaidi kama ingechagua tendo jingine, kisha huongeza uzito wa matendo yenye majuto makubwa. Waswahili tunasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Programu hii huyakusanya hayo majuto mpaka wastani wa uchezaji wake ukaribie msawazo. Mwezi Januari 2015 watafiti wa chuo hicho hicho walitangaza kwamba poka ya watu wawili yenye madau ya viwango maalumu imekwisha kutatuliwa kwa vitendo, baada ya kompyuta nyingi kufanya kazi kwa zaidi ya miezi miwili. Mwaka huo huo solva ambazo mtu wa kawaida anaweza kuziendesha kwenye kompyuta yake zilianza kuenea.

Sasa tufikie jambo lenyewe.

Katika kikundi chetu yupo kijana mmoja mwenye kumbukumbu ya ajabu. Alichukua flopu moja, mfalme, saba na mbili, kila karata ya jamii yake, akasoma jibu la solva mkono kwa mkono: huu weka dau mara 70 kwa mia, huu mara 35 kwa mia, huu pisha daima. Alikariri ukurasa mzima. Jioni ile tulipokaa mezani, flopu iliyofunguka ilikuwa mfalme, nane na tatu. Akanyamaza. Alitazama karata zake, akatazama meza, na sote tuliona kwamba hana pa kuanzia, ingawa flopu ile ni ndugu wa damu wa ile aliyoikariri. Je, tatizo lilikuwa kumbukumbu? Hapana. Tatizo lilikuwa kwamba alikuwa amejifunza jibu bila kujifunza swali. Na je, dawa ni kukariri flopu ya pili, ya tatu, ya mia? Tuhesabu kwanza tuone ziko ngapi.

Chukueni seti ya karata 52. Namna za kuchagua karata tatu ni 22,100. Lakini jamii nne, yaani kopa, uru, shupaza na pau, hazina ukubwa juu ya nyingine, kwa hiyo mfalme, saba na mbili zote za kopa ni sawasawa na zile zote za shupaza. Tukiunganisha zinazofanana, tunabaki na flopu 1,755. Namba hiyo mtaikuta kila mahali katika fani hii, lakini ninyi ni wanahisabati, msikubali kuipokea bila kuijenga wenyewe. Flopu yenye karata tatu za ngazi moja, kama malkia watatu, ziko 13. Flopu yenye jozi na karata ya pembeni: ngazi 13 za jozi mara ngazi 12 za karata ya pembeni ni 156, na kila moja ina sura mbili, ama karata ya pembeni inafanana jamii na mojawapo ya jozi, ama haifanani na yoyote, hizo ni 312. Flopu isiyo na jozi: namna za kuchagua ngazi tatu tofauti ni 286, na kila moja ina sura tano, yaani zote jamii moja, au mbili kati ya tatu zinafanana, ambapo kuna njia tatu za kuamua ni zipi, au zote tofauti, hizo ni 1,430. Jumlisheni 13, 312 na 1,430. Mnapata 1,755.

Solva inaweza kuachwa usiku kucha ikatatua flopu hizo zote 1,755 kwa mazingira mamoja, kwa mfano mchezaji wa mwisho mezani amepandisha dau na mwenye dau kubwa la lazima, yaani aliyelazimika kuweka dau kabla ya karata kugawiwa, amelipia, kila mmoja akiwa na akiba ya mara 100 ya dau hilo. Asubuhi unakuta jedwali refu: kila mstari flopu moja, na kando yake mara ngapi aliyepandisha anaweka dau, kwa ukubwa gani, na faida tarajiwa ya kila upande. Jedwali hilo ndilo tunaloliita takwimu za solva zilizojumlishwa. Hapo ndipo kazi inapoanza, na hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Wanaharibu kwanza kwenye uzito. Kishawishi cha kwanza ni kuchukua safu wima ya jedwali na kupiga wastani. Tazameni kinachotokea. Flopu zenye karata zote za jamii moja zina mistari 286 kati ya 1,755, karibu asilimia 16 ya jedwali. Lakini kila mstari kati ya hiyo unawakilisha flopu halisi nne tu, moja kwa kila jamii, ambazo jumla yake ni 1,144 kati ya 22,100, yaani asilimia 5 na kitu. Flopu zisizo na jozi zenye jamii tatu tofauti nazo zina mistari 286 ile ile. Lakini kila mstari wake unawakilisha flopu halisi 24, jumla 6,864, asilimia 31 ya flopu zote utakazoziona maishani. Mistari sawa, uzito mara sita! Anayepiga wastani bila uzito anaipa flopu ya jamii moja kura ambayo mezani haina, na wastani wake utakuwa wa mchezo ambao hakuna anayeucheza.

Jambo hili nimelifanyia majaribio hadharani kwa seti ya karata na kikundi cha wanafunzi, tukichanganya, kufungua tatu, kuandika, kuchanganya tena. Hawakuhitaji mchana mzima kuona kwamba jamii moja ni mgeni adimu na jamii tatu tofauti ni jirani wa kila siku. Naomba kila mmoja wenu afanye hivyo kwa mikono yake kabla ya kugusa kompyuta, kwa sababu uzito ukishauhisi kwa vidole huwezi kuusahau unapoandika programu.

Tuseme sasa umeweka uzito vizuri. Umepata namba moja: katika mazingira haya aliyepandisha anaweka dau, tuseme kwa mfano, mara 55 kwa mia. Je, umepata kanuni? Mtu akikuuliza mezani, utarusha shilingi?

Ndugu zangu, sisi tunaoishi nyanda hizi tunapaswa kuwa wa mwisho kudanganywa na wastani. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Shuka bonde la Usangu, kule Mbarali, na mvua haifiki nusu ya hiyo. Ukijumlisha na kugawa kwa mbili unapata kiasi ambacho hakinyeshi Tukuyu wala Usangu, na mkulima atakayepanda kwa kukifuata atapoteza mbegu popote alipo. Namba 55 ya mfano wangu inaweza kuwa imetokana na flopu ambazo dau linawekwa karibu kila mara na flopu ambazo karibu halihitajiki kabisa. Kwa hiyo jumla ya mwisho ndiyo namba yenye thamani ndogo kuliko zote katika jedwali. Thamani iko katika migawanyo.

Na migawanyo ipi? Hapa kila mtu ana mbinu zake, nami nina msimamo wangu: gawanya kwanza kwa ngazi ya karata ya juu, kisha kwa uwepo wa jozi, kisha kwa ukaribu wa karata, yaani kama zinaweza kuunda mfululizo, na mwisho kwa jamii. Wanafunzi wa kompyuta wanaweza kuiachia programu ijenge mti wa maamuzi yenyewe, na ni zoezi zuri, lakini mti wenye matawi hamsini ni jedwali lile lile limevaa nguo nyingine. Uzuieni usizidi matawi nane au kumi. Kanuni ambayo huwezi kumwambia mwenzako mkiwa mnatembea kwenda kituo cha daladala bado haijawa kanuni.

Ukigawanya hivyo, sura mbili zinajitokeza kwa nguvu sana, na wote waliofanya kazi hii wanazifahamu. Kwenye flopu zenye ree au mfalme pamoja na karata ndogo zisizokaribiana, aliyepandisha anaweka dau mara nyingi sana, na dau lenyewe ni dogo, kama theluthi ya fungu. Kwenye flopu za kati zinazofuatana, kama saba, sita na tano, anapisha mara nyingi zaidi, na anapoweka dau hulichagulia mikono yake kwa uangalifu zaidi.

Kwa nini? Hili ndilo swali ambalo nataka liwatoe jasho, kwa sababu takwimu peke yake haitawajibu. Rudini kwenye safu. Mwenye dau la lazima akiwa na ree mbili, wafalme wawili, au ree na mfalme, kwa kawaida angepandisha tena kabla ya flopu. Amelipia tu, basi mikono hiyo karibu yote imetoka kwenye safu yake. Aliyepandisha kwanza anayo yote. Flopu ikiwa mfalme, saba na mbili, hebu tuhesabu: wafalme wawili wanaweza kupatikana kwa njia 3, kwa kuwa mfalme mmoja yuko mezani, ree mbili kwa njia 6, ree na mfalme kwa njia 12. Njia 21 za mikono yenye nguvu kubwa ziko upande mmoja wa meza na karibu hazipo upande wa pili. Mpinzani analijua hilo. Dau dogo linamsumbua katika safu yake nzima kwa gharama ndogo, ndiyo maana linawekwa mara nyingi na linakuwa dogo.

Flopu ikiwa saba, sita na tano, mambo yanageuka. Mwenye dau la lazima alikwisha kuweka sehemu ya bei, kwa hiyo alilipia kwa mikono mingi midogo inayofuatana: nane na nne za jamii moja, nne na tatu za jamii moja, saba na sita, sita na tano. Mifululizo na jozi mbili ziko kwake kwa wingi. Ree na mfalme wa aliyepandisha, waliokuwa wakubwa dakika moja iliyopita, sasa hawana hata jozi. Ni wapi tena anapata ujasiri wa kuweka dau kila mara?

Mnaona tulichofanya? Tulianza na mistari 1,755, tukapita kwenye makundi machache, tukafika kwenye sababu moja: nani ana mikono mingi yenye nguvu katika safu yake baada ya flopu hii? Kijana wetu wa mfalme, saba na mbili, akiibeba sababu hiyo, hatakwama kwenye mfalme, nane na tatu. Hatakwama hata mazingira yakibadilika na kuwa ya wachezaji wengine mezani, kwa sababu atajiuliza upya nani alipandisha, nani alilipia, na nini kimetoka kwenye safu ya nani.

Naomba sasa mnivumilie kwa jambo lenye kina zaidi, ambalo wengi hulipita. Majibu ya solva, mkono kwa mkono, mara nyingi si ya pekee. Mwaka 1950 Harold Kuhn alieleza poka ndogo kuliko zote: karata tatu tu, jeki, malkia na mfalme, wachezaji wawili. Sisi tuliicheza kwa maharage. Kila mmoja anaweka punje moja katikati, anapewa karata moja. Wa kwanza anaweza kupisha au kuweka dau la punje moja, na mwenzake anajibu. Suluhisho lake linajulikana kikamilifu. Wa kwanza akiwa na jeki, karata dhaifu kuliko zote, anapaswa wakati mwingine kuweka dau la kutishia. Mara ngapi? Hapa ndipo penye uzuri: kiwango chochote kuanzia sifuri hadi theluthi moja kinakubalika, ilimradi akiwa na mfalme aweke dau mara tatu ya kiwango hicho. Akitishia mara 10 kwa mia kwa jeki, aweke dau mara 30 kwa mia kwa mfalme. Akitishia mara 30, aweke 90. Suluhisho ziko nyingi zisizohesabika, na katika zote wa kwanza hupoteza kwa wastani punje moja kwa kila michezo 18.

Sasa fikirini wanafunzi wawili waliotatua mchezo huo kwa kompyuta mbili. Mmoja anakuja na 10, mwingine na 30, nao wanabishana mpaka jua linatua nyuma ya milima. Nani amekosea? Hakuna. Lakini wote wawili, wakitazama uwiano badala ya namba, watakuta kitu kimoja: kati ya madau manne, moja ni la kutishia na matatu ni ya thamani, yaani ya mkono wenye nguvu. Na uwiano huo una sababu. Fungu ni punje mbili, dau ni punje moja. Mwenye malkia analipa punje moja ili apate tatu, kwa hiyo anahitaji kuwa sahihi mara moja katika nne ili asipate faida wala hasara. Anayetishia anampa hiyo moja katika nne kamili, basi malkia hajui la kufanya.

Kanuni hiyo inakwenda mpaka kwenye poka kubwa, karata ya tano ikishafunguliwa. Dau likiwa sawa na fungu zima, theluthi moja ya madau yanaweza kuwa ya kutishia. Dau likiwa nusu ya fungu, robo. Dau likiwa theluthi ya fungu, sehemu moja ya tano. Na upande wa anayejibu, dau sawa na fungu linamtaka kwa jumla ashikilie nusu ya safu yake. Dau la nusu ya fungu, theluthi mbili. Dau la theluthi ya fungu, robo tatu. Namba hizi hazihitaji solva, zinahitaji kalamu. Lakini takwimu zilizojumlishwa ndizo zinazoonesha ni mikono ya aina gani hujaza hizo nafasi, na kabla ya karata ya mwisho, ambapo mkono dhaifu bado unaweza kukua, zinaonesha jinsi sehemu ya kutishia inavyoweza kuwa kubwa zaidi. Ndiyo maana nasisitiza: soma uhusiano, usisome asilimia ya mkono mmoja. Asilimia ya mkono mmoja inaweza kubadilika ukiiendesha programu upya. Uhusiano haubadiliki.

Kuna jambo dogo linaloambatana na hilo, nalo ni la nidhamu ya vipimo. Solva huiachi iende milele. Unaisimamisha inapokaribia msawazo kwa kosa fulani, tuseme asilimia 0.5 ya fungu. Basi ukiona jedwali linasema dau dogo linazidi dau kubwa kwa asilimia 0.2 ya fungu, usiandike insha juu ya tofauti hiyo, kwani ni ndogo kuliko kosa la kipimo chako.

Tofauti ndogo namna hiyo ndizo zinazotupa ruhusa ya kurahisisha. Endesha solva mara mbili: mara ya kwanza iruhusu ukubwa wa dau wa kila namna, mara ya pili ilazimishe itumie ukubwa mmoja tu, au iweke dau kwa safu nzima bila kuchagua. Linganisha faida tarajiwa. Kwenye flopu za mfalme, saba na mbili hasara ya kurahisisha ni ndogo sana. Kwenye saba, sita na tano, kulazimisha dau kila mara kunauma. Sasa una kitu cha kweli: si kanuni tu, bali kanuni na bei yake. Binafsi nadhani hii ndiyo sehemu yenye manufaa kuliko zote katika kazi hii, kwa sababu mtu anayejua bei ya urahisi wake anachagua kwa hiari mahali pa kuwa mwepesi na mahali pa kuwa makini.

Na mipaka? Ipo, na ni mizito. Solva inajibu swali uliloiuliza, si swali lililo mezani. Ukiipa safu zisizo sahihi, itakupa majumuisho safi ya mchezo usiokuwepo. Ukisahau kwamba nyumba ya mchezo hukata sehemu ya fungu, itakushauri ulipie kwa mikono dhaifu ambayo makato hayo yanaimeza faida yake. Na dhamana ya msawazo, kwamba kwa wastani hutapoteza mkibadilishana nafasi, ni ya watu wawili. Wakizidi wawili nadharia haikuahidi hivyo, ingawa mwaka 2019 programu ya Pluribus iliwashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita.

Mpaka ulio mkubwa kuliko yote ni kwamba msawazo haumtazami mpinzani. Hapa kuna kisa cha kukumbukwa. Januari 2017, Pittsburgh nchini Marekani, programu ya Libratus, iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza na mabingwa wanne kwa siku 20, mikono 120,000 kwa jumla. Kila jioni mabingwa walikaa pamoja, wakakusanya walichokiona siku hiyo, wakatafuta ukubwa wa dau ambao mashine inaujibu vibaya. Na usiku huo huo, kwenye kompyuta kubwa ya kituo cha utafiti, Libratus ilichukua orodha ya madau yaliyoitafuta udhaifu wake mara nyingi zaidi, ikatatua upya sehemu hizo, na asubuhi tundu lilikuwa limezibwa. Mwisho mashine iliongoza kwa zaidi ya dola milioni 1.7 za chipsi, yaani vibao vya mezani vinavyowakilisha fedha. Pande zote mbili zilikuwa zikijumlisha takwimu. Mabingwa walijumlisha tabia za mpinzani. Mashine ilijumlisha matundu yake yenyewe, haikujaribu kuwinda makosa ya watu. Kwa mtu anayejifunza, njia ya mashine ndiyo ya kuanza nayo: weka kumbukumbu ya michezo yako, igawanye kwa makundi yale yale uliyogawanya jedwali la solva, na uone ni kundi gani unatoka mbali zaidi na kanuni. Njia ya mabingwa ije baadaye, ukishajua kwa hakika msawazo unasema nini, maana huwezi kusema mpinzani anatishia kupita kiasi kama hujui kiasi chenyewe.

Ndugu mwenyekiti, nimekwisha kuomba, na mmenikubalia, kwamba kikao kijacho kiwe cha kazi. Tutagawana makundi: timu moja flopu zenye ree, nyingine zenye mfalme, nyingine zenye jozi, nyingine za kati zinazofuatana. Kabla timu haijafungua jedwali la kundi lake, iandike kwenye karatasi inadhani aliyepandisha ataweka dau mara nyingi au mara chache, na iandike sababu kwa kuhesabu njia za mikono kama tulivyofanya leo. Karatasi hizo nitazikusanya kwanza. Halafu tutafungua majedwali, tuweke uzito wa 4, 12 na 24 pale panapostahili, na tuanze na zile flopu ambazo makisio yenu na namba za solva zimetofautiana kabisa. Wenye kompyuta zenye nafasi ya kutosha wajiandikishe kwa katibu kabla hamjatoka, na kila timu ije na seti ya karata na mfuko wa maharage.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.